Koma Moja

Saa tisa usiku, Oruro.
Mtihani wa hesabu umekataa kufunguka.
Eulalia Condori, koti juu ya koti,
ananakili kosa herufi kwa herufi
kwa watu asiowajua sura:
“Samahani kwa usumbufu.
Nina wanafunzi arobaini na mmoja,
asubuhi hii, saa mbili.”

Chai ya koka imeshapoa.

Huko Tartu kumekucha zamani.
Leelo, mstaafu wa posta,
anasoma huku viazi vinachemka.
Kihispania hakijui. Koma anaijua.
“Mstari wa tisini na nne, koma imezidi.
Mimi nami iliwahi kuniliza,
hadi kijana mmoja wa Ulan Bator akanionyesha,
wala hakunitajia jina.”

Koma moja!
Eulalia anaifuta,
maswali yanajitokeza, la kwanza, la pili,
hata lile la pembetatu alilolitilia shaka.

Nidaiwe kiasi gani? anauliza.
Hadaiwi.
Programu hii haina mwenyewe,
ina wenyewe.

Anakaribia kuzima, mara swali la mgeni, Tbilisi:
vyeti havichapiki, nimejaribu kila kitu.

Hilo analijua.
Anavua glavu tena.