Injini ya Huku, Kiti cha Kule

Barka, saa tatu asubuhi, na jua limeshakaa kitako.
Yadi ya Humaid ina vichwa vya trela arubaini
vinatazama barabara
kama watu wanaongoja majina yao yaitwe.

Nimekuja na kiuno changu.
Miaka kumi na tisa tumepakia jasi Thumrait,
tumeishusha bandarini Salala,
nacho hakikuwahi kuomba likizo
mpaka mwaka huu, kilipoziomba zote kwa mpigo.

La kwanza jeupe, la Kijerumani, rangi imebabuka.
Fundi Nawazish kaegemeza ncha ya bisibisi kwenye injini,
mpini sikioni, macho kayafumba.
"Huyu," kanambia, "hana maneno."
Kafungua kifuniko cha oili, kaweka kiganja juu,
kanionesha: kikavu.
Kilomita laki nane, na inahema kama mtoto aliyeshiba.
Lakini ndani! Kiti ni ubao uliovikwa ngozi ya uongo,
kiyoyozi kinapuliza hewa ya tanuri,
kitanda cha kumlaza mtu asiye na miguu.
Nilishika usukani, nikavipuliza vidole.

La pili jekundu, la Kiswidi.
Ngazi tatu, unaingia sebuleni:
zulia, pazia la buluu, friji ya chupa sita za laban.
Na kiti kinapumua. Unabonyeza, kinakupandisha taratibu,
kama mtu anayejua pa kukushika.
Kiuno kikasema, Tumefika.
Sijakisikia kikisema hivyo tangu arusi yangu.

Nawazish kafungua kifuniko.
Moshi ukatoka polepole, wa buluu,
umeoana kabisa na pazia.
Hakusema kitu. Alifuta mikono
kama daktari anavyofuta miwani.

"Injini utabadilisha," kasema Humaid.
"Mgongo utaununua duka gani?"

Nikasimama baina ya malori mawili.
Nikakumbuka Julai ile, mbele ya Haima,
rejeta imepasuka, siku mbili chini ya tela,
nikihama na kivuli, hatua kwa hatua,
naye kivuli akihama kama ananikimbia.
Lori lililokufa jangwani,
hata ukalitandika hariri, ni jeneza lenye mto.

Kisha nikamkumbuka Saburi.
Injini yake haikumuangusha hata siku moja.
Alikuwa hajapata usingizi wa maana siku ya tatu,
kitanda kile kile cha mtu asiye na miguu.
Walipomkuta nje ya barabara, upande wa ngamia,
injini ilikuwa bado inanguruma, nzima,
haina maneno.

Nilinunua jeupe. Riali elfu tisa na mia nne.
"Na kile kiti," nikasema, "cha jekundu."
Humaid alicheka mpaka akatafuta pa kukaa,
akakaa juu ya tairi, akataja tisini.
Nikalipa tisini.

Boliti hazikukubaliana.
Nawazish akaomba siku kumi achonge bati la kati,
kiti nikakipeleka nyumbani, nikakiweka uani,
karibu na mtungi wa gesi.
Mama yangu, Bi Shinuna, mzaliwa wa Wete,
ambaye magoti yake yamevikataa viti vyote vya Omani,
alikizunguka mara mbili, akakikalia.
Mjukuu wake Azzan akaunganisha pampu ya matairi.
Mama akapanda, taratibu, kikombe cha kahawa mkononi,
hakumwaga hata tone.

"Hili lori linakwenda wapi?"
"Bado halijaenda popote, mama."
"Basi msiniteremshe."

Leo siku ya kumi na nne.
Nawazish kapiga simu mara tatu, bati liko tayari.
Lori jeupe liko nje, injini naiwasha kila asubuhi
nisikilize kama imeanza kusema.
Kiuno kinaniuliza.
Nimekiambia, Jumamosi.