Hesabu ya Kreti

Kazi yangu ni kuhesabu.
Ghala la bia, Chumbageni, kando ya reli:
kreti mia tatu na arobaini asubuhi,
jioni zinarudi tupu, chupa zikigongana meno,
nami nachora vijiti vinne, cha tano kikivilalia,
kwenye daftari lenye jalada jekundu.
Hapa namba ndiyo hakimu.
Kinachotoka ndicho kizuri, alisema meneja kikaoni,
na sisi tukapiga makofi,
maana palikuwa na sambusa.

Shangazi yangu Namkunda haijui hesabu hiyo.
Yuko Pongwe, nyuma ya mashine ya kusaga.
Ana mitungi miwili. Si mitatu.
Jumatano anatwanga miwa,
anakamua, anatia vungunya lililokaushwa juani,
anafunika kwa gunia, kisha anaondoka kwa nyayo za paka
kama aliyemlaza mtoto.
Dengelua haionji kwanza. Anaisikiliza.
"Ikivuma kama mvua ya mbali, bado.
Ikinong'ona, leteni vikombe."

Wateja wake ni kumi na wawili.
Shekiondo, fundi baiskeli.
Kilua wa shamba la mkonge, mikono imejaa mikwaruzo.
Mwalimu Hozza, mstaafu,
anayekuja na kikombe chake kwenye leso.
Wa kumi na tatu huambiwa arudi wiki ijayo.

Jumamosi moja lori letu likapita Pongwe,
spika nne, fulana za njano, kofia za bure,
na mimi juu yake, nimeshika daftari.
Mwalimu Hozza akainua kidole:
"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza!"
Wakacheka wote kumi na wawili.
Shangazi hakucheka.
"Hata muuza maji hutembeza, mwalimu,
na maji hayana ubaya."

Kisha akaniita. "Nishushie moja. Ya baridi."
Nikaona haya,
kama niliyetumwa kumleta mke mwenza nyumbani.

Akanywa amefumba macho.
"Haina mtu ndani," alisema.
Wakashangilia.
Akanywa tena.
"Lakini haijakosea.
Niliyokunywa msibani kwa Shebughe, mwaka juzi,
ilikuwa hivi hivi, tone kwa tone.
Yangu ya wiki iliyopita ilikuwa siki.
Nyie mkanywa, mkanisifu, mkalipa.
Nani kati yenu aliniambia?"

Kila mtu akatazama kikombe chake
kana kwamba kimeandikwa jina.

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.
Nami mnanisifu kila wiki, nyie kumi na wawili.
Mnadhani watu wachache hawawezi kumharibu mtu?"

Ndipo Kilua akakohoa.
"Mimi, mshahara ukitoka, hunywa ya chupa.
Si kwa utamu.
Mwezi mzima naamrishwa: kata, funga, beba.
Kile kifuniko kikiruka, pss,
siku hiyo mimi ndiye niliyeamuru."
Hakuna aliyemcheka.
Shekiondo akasogea, akampa nafasi kwenye benchi.

Jumatatu nikafungua daftari.
Kreti mia tatu hamsini na mbili.
Chini yake, kwa penseli, pale meneja asipofika na macho:
Pongwe, mitungi miwili, imekwisha saa nane.
Nikajaribu kujumlisha.
Namba zikakaa ukurasa mmoja kama wageni wasiojuana,
kila mmoja akingoja mwenzake aanze salamu.

Mtungi wa tatu hajaongeza.
Ila mwalimu Hozza amepewa kazi:
aonje kabla ya wote, aseme kweli.
Wiki ya kwanza alisema, "Tamu."
Ya pili, "Tamu."
Ya tatu akameza, akafuta sharubu kwa ile leso,
akasema, "Siki."

Shangazi akamnyima kikombe cha pili.
Usiku, kumbe, alimwaga mtungi mzima nyuma ya mashine,
na asubuhi akatuma mtoto
aende kumwambia mwalimu asikose Jumamosi.