Kwa Atupele, Anayeanza Chumba Namba Saba

Zima feni kwanza, Atupele.
Mafundi wa Gerezani wanagonga mabati tangu alfajiri;
ukuta wetu mwembamba, usiuamini.

Kabla ya mashine, chungulia sikio:
nta, usaha, na siku moja punje ya hindi
niliyoitoa kwa mtoto aliyeitwa mkaidi mwaka mzima.

Mzee Mbaruku atatikisa kichwa kwa kila usemalo.
Usifurahi.
Ziba mdomo kwa karatasi, muulize mkewe anaitwa nani.
Akijibu "saa nne", kazi imeanza.

Usipaze sauti. Kubwa si safi.
Keti mwanga ukuangukie usoni.

Shimesikio usimkabidhi kama kidonge.
Mwambie atasikia kwanza vijiko, mvua juu ya bati,
kandambili zake mwenyewe,
na ataudhika.
Mwambie joto la hapa lina jasho:
usiku aliweke koponi
pamoja na vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu.
Betri atanunua kwa fedha ipi? Uliza, ungoje jibu.

Na ile methali ya sikio la kufa
usiitamke humu.
Niliitamka mara moja, kwa mnong'ono,
nikiwa nimemtazama mama yule usoni.

Alisoma midomo.