Milimita Ishirini na Tatu

Kidole hukificha kitu kinapokigusa.
Hilo nililiona jikoni, mjini Łódź,
Jumapili ya Februari, supu ya kabichi chachu jikoni ikitokota,
baba ameinamia simu yangu ya majaribio,
ile ya bei ya chini, yenye ufa pembeni.

Nilikuwa nimepanga miraba kumi na sita kwa safu, safu nane,
kila mraba pigo moja: ngoma, tasa, makofi, besi.
Kwenye kompyuta ilitulia kama shamba lililopimwa kwa kamba.
Kwenye kiganja cha baba
ikawa mayai ya chawa.

Akagonga mmoja, ikaitika mitatu.
“Bogna, mashine yako ina majirani wambeya.”

Nikaleta rula. Gumba lake: milimita ishirini na tatu.
Mraba wangu: sita.
Nikacheka, kisha kicheko kikanikwama,
maana miezi minane nimewatengenezea muziki
watu wenye vidole vya penseli.

Baba alikuwa mfumaji. Ukumbi mmoja, mashine mia mbili,
mtande umenyooka, mshindio unavuka,
mshindio na mshindo, mshindio na mshindo,
miaka thelathini na minne, hadi walipofunga mlango
na kuuza vyuma kwa kilo.
Sikio la kushoto alilisahau humo ndani.
La kulia husikia linachotaka.

“Inachelewa,” akasema.
Nini?
“Sauti. Nagusa, ndipo inajikongoja. Kama uzi uliolewa.”

Nusu kiziwi, nikawaza. Atajuaje?
Simu ilikuwa imelala juu ya kopo la biskuti,
na mkono wake wa pili ulikuwa juu ya kopo.

Usiku nikapima: milisekunde arobaini na moja.

Basi nikaanza kubomoa.
Kuna kisima kidogo ambamo simu huchota sauti
kabla ya kuimwaga hewani:
ukikifanya kirefu, pigo linachelewa;
ukikifanya kifupi, sauti inakwaruza
kama kiatu chenye kokoto.
Wiki tatu nilichimba na kufukia.
Betri ikapata moto wa yai lililochemshwa.
Lubomir, mchoraji wetu, akaziombolezea safu zake;
tulibakiza nne, nyingine
zinakuja ukitelezesha kidole, zisipotakiwa zinalala.
Jina la pigo tukalihamisha
likaelea juu ya ukucha, mahali jicho linapofika.

Arobaini na moja. Ishirini na saba. Kumi na tisa.
Kumi na moja.

Nikampelekea Aprili, theluji ya mwisho
imebaki chafu chini ya gari la jirani.
Hakuuliza kitufe kipi kinafanya nini.
Aliweka besi kwenye pigo la kwanza, la tano, la tisa,
na la kumi na tatu akalisogeza nyuma kidogo, makusudi,
akarudia, akasikiliza kwa kiganja,
akalisogeza tena, unywele mmoja.

Nikamwambia pale umekosea, baba,
kuna kitufe cha kunyoosha mapigo, bonyeza hapa.
Akauondoa mkono wangu.

“Hiyo ni Nambari Kumi na Nne,” akasema.
“Ilikuwa na mguu mmoja mfupi.
Ukiwa umesinzia zamu ya usiku,
ndiyo uliyoisikia ikikuita.”

Ikacheza. Kopo likatetema, vijiko vikatetema,
naye akatikisa kichwa polepole, mbele kidogo ya pigo,
kama mtu anayeijua ngazi ya nyumba yake gizani.

Toleo la kwanza tulilitoa Juni.
Nyuma ya mipangilio, mahali ambapo wachache hufika,
kuna mdundo uitwao Kumi na Nne,
na kitufe cha kunyoosha hakiugusi.

Jana mtu fulani ametupa nyota mbili.
Ameandika: vitufe vikubwa mno, kama vya watoto.

Nimempigia baba nikamsomea. Akanyamaza kidogo.
“Muulize,” akasema, “kazi yake ni ya mikono?”