Ngoa

Nyuma ya mlango wa chumba cha uani, Newala,
kuna tundu ukutani, kimo cha mdomo wa mtu aliyechuchumaa.
Mama alilila akiwa na mimba yangu.
"La dada yako lilikuwa dogo," alisema,
"wewe ndiye uliyelipanua."

Mvua ya kwanza ikishanyesha, udongo ukinukia,
aliamka usiku, akakwangua kwa ukucha,
akalamba, akarudi kulala na mchanga menoni,
akaapa kesho haendi.
Kesho akaenda.

Aliiita ngoa.
Hakusema hamu. Hamu unaiambia subiri, ikakaa mkekani.
Hakusema uchu, uchu ni wa nyama.
Ngoa haibishi hodi.

Chuoni Kitangali nikaitafuta.
Kamusi ilikuwa imelowa, kurasa za N zimegandana,
nikazibandua kwa wembe.
Tamaa. Pia wivu. Basi.
Fupi kama risiti ya chama cha msingi,
haisemi neno limetoka wapi,
nani alilibeba hadi huku juu kusiko na kisima.

Mjomba Nampoto akadai ni la watu wa Mikindani,
lilipanda mlima na mizigo ya chumvi.
Mimi nikadhani ni ng'oa,
iliyodondosha ritifaa yake njiani:
unang'oa ukuta, na wewe unang'olewa,
kama muhogo, pamoja na udongo wako.
Mkufunzi akacheka. Lugha haiendi hivyo, akasema.
Sawa.
Sina ushahidi ila tundu.

Mwaka huu korosho zimelipa.
Nimenunua saruji, mifuko kumi na miwili,
fundi Likunde anapiga plasta tangu Jumatatu.
Leo kaniita, mwiko mkononi:
"Mwalimu, huku panya wanakula nyumba."

Nikainama.
Mama ana mwaka wa sita kaburini.
Lakini mle ndani kuna mikwaruzo mipya,
minne, myembamba,
na unga mwekundu chini yake
ambao hakuna aliyeukanyaga bado.

Somoe yuko mlangoni na ndoo ya maji ya fundi.
Haulizi tunatazama nini.
Anapangusa mdomo kwa pindo la kanga,
taratibu, upande mmoja, halafu wa pili.

"Hapo paache, fundi.
Plasta ipite pembeni."