Kofia Tatu

Mbwarali mwanangu ana kofia tatu:
mbili kapewa na nchi, moja nimeshona mimi.

Ile ya kwanza ilitoka kwenye kriketi.
Alianzia uani kwetu, Kibokoni,
kwa chaga ya kitanda cha marehemu babake.
Siku ya kwanza nilimpiga, ya pili nikamwacha;
chaga inayopiga mpira ina faida
kuliko chaga inayolisha mchwa.
Bwana Dharamshi, muuza leso wa Mtaa wa Biashara,
akasimama mlangoni na mwavuli wake,
akatazama mipira sita bila kubisha hodi.
"Huyu," akasema, "ana jicho la kutungia uzi."
Nikamwambia, "Jicho hilo ni langu,
amenirithi ningali hai."

Ya pili ni ya raga, mpira wenye umbo la papai.
Huko alivutwa na wenzake wa Tudor
waliokosa mtu wa mbio mwezi wa masika,
uwanja umekuwa tope, kriketi imelala.
Akarudi nyumbani shati halina mfuko,
jino kalifunga kwa karatasi ya mahamri.
"Mama, leo nimefurahi."
Nikalitazama jino. Sikusema.

Basi maneno yakaanza barazani:
mshika mbili, moja humponyoka!
Kila mtu methali ile kaifanya kashata,
yuwaitafuna akinywea kahawa.
Nami nimeshika sindano, nimeshika mtoto,
nimeshika chungu cha wali miaka thelathini
na wali haujaungua.
Ila mara mbili.

Nairobi, mechi yake ya kwanza ya taifa,
alivaa nyeupe kama anayekwenda kuswalisha,
akatembea hadi katikati ya nyasi,
na mpira wa pili vijiti vikaruka.
Sifuri.
Redio haikulijua hata jina lake:
"Mbarawali," wakasema.
Niliizima, nikashona vitundu arubaini usiku ule,
vyote nikavifumua asubuhi.
Mechi ya nne alifika tisini na moja.
Mia hajafika mpaka leo, msiniulize.

Kampala ndiko raga ilikomlipa. Dakika ya mwisho
akapenya baina ya wanaume wawili kama uzi,
akaulaza mpira chini ya milingoti,
na mtu wa kilo mia akamwangukia kidole cha shahada.
Kikavunjika mahali pawili.
Tulishinda. Kidole kikapona kimepinda,
na mpini wa gongo la kriketi
haukuukubali tena mkono wake.
Barazani wakanyamaza, wakaningoja niseme.
Nikapita na kikapu changu,
nikawaamkia mmoja mmoja.

Kofia za nchi nimezichunguza.
Ile ya buluu ina nembo ya kubandikwa;
ile ya mahameli ina shada la dhahabu
kama pazia la gari la harusi.
Zote mshono wa cherehani, nyuzi zaning'inia.
Sikumwambia. Nilizikata nyuzi kwa meno,
nikazirudisha kabatini na karafuu ndani.
Yangu ilinichukua miezi minne,
na nilipompima tena kichwa nikakuta
sikio moja limekuwa kiazi.
Nikafumua ukingo, nikaanza upya.
Hiyo ndiyo aivaayo Ijumaa.

Sasa yuko bandarini, kwenye mizani ya malori,
yuwaandika uzito wa mizigo ya watu.
Alhamisi jioni hunijia.
Macho yangu nilishampa, sina mengine;
huchukua sindano, huulamba uzi,
na kidole kile kilichopinda
hukaa kando, hakina kazi,
kimeelekea dirishani,
kwa watoto wanaopiga mpira uani
kwa chaga ya kitanda changu.