Taa Yenye Picha ya Betri

Iliwaka Jumanne, alfajiri, nikitoka tanuruni.
Nyekundu, ndogo, yenye adabu.
Nikaipuuza hadi darajani na kurudi.
Nyuma yangu lavashi mia mbili ndani ya shuka
zilikuwa zikipumulia vioo vya Niva.

Alhamisi nikanunua betri mpya kwa Aharon,
dramu elfu thelathini na nane,
nusu taslimu, nusu kwa uso wa haya.
"Hii itakuja kwenye mazishi yangu," akasema.
Nikawasha gari. Taa ile ile ikanitazama.

Ijumaa taa za mbele zikageuka rangi ya chai,
feni ikazunguka polepole
kama mtu anayetafuta neno alilolijua jana.
Injini ikazima mbele ya shule ya muziki
na baridi ya Gyumri ikaingia bila hodi.

Akaja Hrant, jirani, koti juu ya pajama.
Alitengeneza mota za kiwanda cha nguo miaka ishirini na sita;
mitambo ilimla sikio la kushoto,
kwa hiyo ukweli unamwambia upande wa kulia.
"Umebadilisha nini?"
"Betri."
"Nani kasema betri inaumwa?"
"Taa. Ina picha ya betri."
Akacheka mpaka jino la dhahabu likaonekana.
"Mlango ukigongwa, unaulaumu mlango?"

Akaichomoa, akaibeba jikoni kwake,
akaichaji usiku kucha kando ya mitungi ya matango ya siki.
Satenik, mkewe, alitaka kuifunika shali. Akakatazwa.
"Miaka ile ya giza," Hrant akasema,
"nilipandisha betri kama hii hadi ghorofa ya tano.
Balbu moja, redio moja.
Gevorg wetu alizaliwa chini ya volti kumi na mbili."
Gevorg yuko Krasnodar siku hizi.
Satenik akapangusa meza iliyokuwa safi.

Asubuhi, kipimo chenye kioo kilichopasuka.
Injini kimya: kumi na mbili nukta sita.
Injini ikinguruma: nukta tatu.
Kisha nukta mbili.
Kisha nukta moja.
Yeye alikuwa akingoja kumi na nne,
ameinama pale kama mtu stesheni
ambaye hajaambiwa treni imeshapita.

Akaubonyeza mkanda kwa dole gumba: umekaza.
Fyuzi: nzima. Nati ya waya mnene: haijalegea.
Waya wa eathi akaukwangua kutu hadi ukang'aa,
namba isijali.
Ndipo akaigeuza bisibisi
na kwa mpini akaugonga mgongo wa alteneta, ko, ko,
kama unavyombishia jirani aliyelala.

Taa ikazimika.
Kumi na nne nukta moja!
Nikapiga ukelele. Akainua kidole: ngoja.
Taa ikarudi.

"Brashi," akasema, akafungua.
Vipande viwili vya kaa visivyo na kazi nyingine
ila kusugua shaba inayozunguka, na kuisha.
Akaniwekea kiganjani. Kimoja kama ukucha wa mtoto.
Cha pili nilikidhania uchafu, nusura nikipulize.

Dukani brashi mpya ni dramu elfu mbili.
Nilianza kupiga hesabu, nikaacha.
Hrant hata hakwenda dukani:
kopo la kahawa, ndani yake brashi za mota za kiwanda
ambacho hakipo tena, wala paa lake.
Akazipunguza kwa tupa, akipima kwa jicho,
vumbi jeusi likidondoka juu ya theluji.

Nikageuza ufunguo. Taa ikawaka, moyo ukanishuka.
"Lazima iwake kwanza," akasema.
"Siku isipowaka kabisa, hapo ndipo uogope."
Injini ikashika. Taa ikazimika, ikabaki imezimika.

Pesa alikataa. Akachukua lavashi tatu,
lakini hakushuka.
Alikaa kiti cha abiria, sikio la kulia likielekea injini,
akitazama pale ilipokuwa taa
mpaka mikate ikapoa.